Mpinzani Si Adui: Michezo ya Shule za Sekondari na Wito wa Amani Uwanjani

Kila mwaka, mvua za masika zinapoanza kupungua na shule za sekondari zinapoingia katika msimu wa UMISSETA, viwanja vya pwani yetu huchangamka. Kuanzia Bunju na Mapinga, Kerege na Zinga, hadi Bagamoyo mjini, Kiwangwa, Msata na Chalinze, wanafunzi hupimana nguvu katika soka, netiboli, mpira wa wavu, mpira wa mikono na riadha. Walio bora huchaguliwa kuiwakilisha wilaya, kisha mkoa, na hatimaye hukutana na wenzao wa mikoa mingine katika fainali za taifa, ambazo miaka ya karibuni zimefanyika Mtwara, Tabora na Iringa. Ni furaha ya haki, na sisi wazazi, walezi na walimu tunaifurahia pamoja na watoto wetu.

Lakini wengi wetu tumeshuhudia pia jambo la pili. Ni dakika za lala salama, matokeo ni bao moja kwa moja, mshambuliaji anaangushwa karibu na eneo la penati na mwamuzi hapulizi filimbi. Aliyeangushwa anainuka na kumsukuma beki. Beki anajibu kwa ngumi. Kufumba na kufumbua, wanafunzi waliokuwa wamesimama pembezoni wanaingia uwanjani, mmoja ameshika jiwe, mwingine ameng'oa kijiti cha kona. Mwamuzi, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa shule ya jirani, anakimbilia kwenye gari. Jioni ile kijana mmoja anashonwa nyuzi katika kituo cha afya, mwingine anasubiri barua ya kusimamishwa masomo, na shule mbili zilizokuwa zikiazimana vitabu vya maabara hazisalimiani tena.

Ndugu waamini, tunapenda katika makala hii tulitafakari jambo hili kwa utulivu. Je, vurugu ni sehemu ya mchezo, kama wengine wasemavyo kwamba "mpira una hasira zake"? Kanisa linafundisha nini? Na sisi tulio kando ya uwanja tuna wajibu gani?

KWA NINI KANISA LISEME KUHUSU MICHEZO

Wapo watakaouliza: mpira unahusianaje na imani? Jibu ni kwamba Mtume Paulo mwenyewe hakuona haya kuchukua mifano ya uwanjani. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho (9:24-27) analinganisha maisha ya Mkristo na mashindano ya mbio, ambayo mkimbiaji huyajiandaa kwa kujinyima na kuutiisha mwili wake. Tena katika Waraka wa Pili kwa Timotheo (2:5) anakumbusha kwamba mwanamichezo hapewi taji asipoifuata sheria ya mashindano. Tuliweke neno hili moyoni: kwa Paulo, ushindi uliopatikana nje ya sheria si ushindi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Kanisa katika Ulimwengu wa Kisasa (Gaudium et Spes, 61), uliitaja michezo miongoni mwa mambo yanayosaidia utulivu wa roho na kujenga udugu kati ya watu wa hali, mataifa na rangi zote. Mtakatifu Yohane Paulo II aliadhimisha Misa pamoja na wanamichezo katika Uwanja wa Olimpiki wa Roma tarehe 29 Oktoba 2000, wakati wa Jubilei Kuu. Tarehe 1 Juni 2018, Dikasteri ya Walei, Familia na Maisha ilitoa hati nzima juu ya mtazamo wa Kikristo kuhusu michezo. Hati hiyo inaisifu michezo, lakini pia inataja wazi changamoto zinazoiharibu: kuudhalilisha mwili, dawa za kuongeza nguvu, rushwa, na mwenendo wa watazamaji. Tuone kwamba watazamaji wamewekwa katika orodha moja na rushwa na dawa.

Zaidi ya hayo, kwetu sisi wa Bagamoyo suala hili lina uzito wa pekee. Jimbo letu ni changa, limeundwa na Baba Mtakatifu Fransisko tarehe 7 Machi 2025, lakini imani katika ardhi hii ni ya zamani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868, waliikuta pwani ambako mwili wa binadamu ulikuwa na bei, ukifungwa minyororo na kusafirishwa kama shehena. Waliwakomboa watumwa na kuwajengea kijiji cha uhuru. Kanisa la Bagamoyo limezaliwa, basi, katika ungamo kwamba mwili wa mtu ni mtakatifu na hauwezi kutendwa kama kitu. Ungamo hilo haliishii kwenye lango la makumbusho ya misioni. Linatuhusu pia pale mwili wa kijana wa kidato cha tatu unapokanyagwa kwa makusudi mbele ya macho yetu.

RAFU NA UKATILI SI KITU KIMOJA

Ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo yetu huchanganywa. Michezo mingi ina mgusano wa miili. Beki anayechelewa kidogo akampiga mwenzake mguu badala ya mpira amefanya rafu. Anaadhibiwa kwa mpira wa adhabu, pengine kwa kadi ya njano, na mchezo unaendelea. Hata rafu mbaya inayofanywa katika kuwania mpira ina jina lake na adhabu yake.

Vurugu ni jambo jingine. Sheria ya 12 ya soka inaeleza kwamba mchezaji anatenda kosa la ukatili anapotumia, au anapojaribu kutumia, nguvu ya kupita kiasi dhidi ya mpinzani pasipo kuwania mpira, au dhidi ya mchezaji mwenzake, mwamuzi, kiongozi wa timu au mtazamaji. Adhabu ni kadi nyekundu. Angalieni neno "anapojaribu": ngumi iliyokosea shabaha inahesabiwa sawa na ngumi iliyompata mtu. Netiboli na mpira wa mikono nazo zina ngazi zake: mchezaji anaweza kutolewa nje kwa dakika mbili, na kosa likiwa kubwa anaondolewa kabisa.

Mafundisho ya Kanisa yanakwenda sambamba na hekima hiyo, kisha yanashuka ndani zaidi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2302) inaielezea hasira kuwa ni tamaa ya kisasi, na inafundisha kwamba ikifikia nia ya makusudi ya kuua au kumjeruhi vibaya jirani, inakuwa kosa zito dhidi ya upendo. Kristo mwenyewe, katika Hotuba ya Mlimani (Mt 5:21-22), anaipeleka amri ya kutoua hadi kwenye hasira na matusi. Kumbe mwamuzi huliona kosa mkono unapoinuka, naye Mungu huliona tangu lilipoanza moyoni.

Tukumbuke pia kwamba chokaa inayouzunguka uwanja haiondoi sheria za nchi. Kumshambulia mtu na kumdhuru mwili ni kosa la jinai kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, hata kama mshambuliaji amevaa jezi. Mzazi anayemwambia mwanawe "ukiguswa, mrudishie" hajui anamtuma wapi.

VURUGU HUTOKA WAPI

Vijana wetu hawazaliwi na mawe mikononi. Tukichunguza kwa uaminifu tutaona angalau vyanzo vinne.

Chanzo cha kwanza ni mfano wa wakubwa. Machi 2012, katika mechi ya Ligi Kuu kati ya Azam na Yanga jijini Dar es Salaam, wachezaji walimzonga na kumshambulia mwamuzi, na Shirikisho la Soka Tanzania likawafungia wahusika. Tarehe 1 Oktoba 2016, watani wa jadi Simba na Yanga walipokutana Uwanja wa Taifa, bao lililolalamikiwa kwamba mfungaji aliunawa mpira lilifuatiwa na mashabiki kung'oa na kuvunja viti, hata Serikali ikazizuia klabu hizo mbili kwa muda kuutumia uwanja ule. Wanafunzi wanaocheza leo walikuwa watoto wadogo wakati ule, wakitazama luninga sebuleni pamoja nasi. Waliviona viti vikiruka, na waliwasikia watu wazima nyumbani wakisema, "Walistahili!" Somo lile walilipata kwetu.

Chanzo cha pili ni udanganyifu. Kila anayeifahamu michezo ya shule analijua neno "mamluki": mchezaji asiye mwanafunzi wa shule ile, au mwenye umri uliopita, anayevishwa jezi kwa jina la mwingine ili shule ishinde. Wavulana wa miaka kumi na sita wanapogundua kwamba wanakabana na mtu mzima anayecheza ligi ya wilaya, na malalamiko yao hayasikilizwi, uchungu wao ni wa haki hata kama ngumi zao si za haki. Nabii Isaya (32:17) anafundisha kwamba amani ni tunda la haki. Shule inayomchezesha mamluki imekwisha kupanda vurugu kabla filimbi ya kwanza haijalia, na mwalimu aliyesaini fomu za usajili kwa uongo anabeba sehemu ya dhambi ya kijana aliyerusha jiwe.

Chanzo cha tatu ni ushirikina, na hapa pwani tusijifanye hatuujui. Timu zinaruka ukuta badala ya kupita langoni. Taulo la kipa linazua ugomvi. Mtu anaonekana akimwaga kitu golini alfajiri. Pamoja na kuwa kosa dhidi ya amri ya kwanza, kama Katekisimu inavyofundisha (2116-2117), imani hiyo ina tunda jingine chungu: inamfanya aliyeshindwa asikubali kamwe kwamba ameshindwa na mpira. Ikiwa nimeshindwa kwa sababu wenzangu walijiandaa vizuri, kesho nitaongeza mazoezi. Ikiwa nimeshindwa kwa sababu "wametufanyia kitu", kilichobaki ni kulipiza.

Chanzo cha nne ni kundi la watazamaji. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha sita cha Maungamo, anasimulia habari za rafiki yake Alipio, kijana mwema aliyechukia mapigano ya kuuana yaliyofanywa kuwa burudani kule Roma. Rafiki zake walimkokota hadi uwanjani. Akaketi amefumba macho, akijiamini kwamba mwili wake tu ndio uliopo pale. Ghafla umati ukapiga kelele. Udadisi ukamshinda, akafumbua macho. Na tangu dakika ile akawa mmoja wao, akipaza sauti na kulewa ukatili. Augustino anaona kwamba jeraha la roho ya Alipio lilikuwa baya kuliko jeraha la yule aliyeanguka uwanjani. Mungu alimponya baadaye, naye akawa askofu wa Tagaste. Lakini mang'amuzi yale yanatufaa leo: kundi lina nguvu ya kumfanya mtu mpole atende asichokikusudia. Mwanafunzi ambaye peke yake asingemtukana hata mpita njia, akiwa katikati ya wenzake mia mbili wanaoimba matusi, huimba.

MPINZANI NI MTANI

Vyanzo vyote vinne vinakutana mahali pamoja: kijana amesahau yule aliye mbele yake ni nani. Amemwona kuwa adui anayepaswa kuondolewa, badala ya mwenza ambaye bila yeye mchezo wenyewe usingekuwapo. Timu moja haiwezi kucheza mechi peke yake. Anayenikaba vizuri ananifundisha kupiga chenga vizuri. Anayekimbia mbele yangu ananivuta nikimbie zaidi ya nilivyodhani naweza. Mwaka 1974, kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.16. Nyuma yake alikuwapo John Walker, aliyemfukuza hadi mwisho, na ambaye siku ile naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Mbio ile inakumbukwa kwa majina mawili, kwa sababu bila wa pili, wa kwanza asingelazimika kwenda kasi ile.

Utamaduni wetu ulilijua jambo hili zamani. Hatusemi bure kwamba Simba na Yanga ni "watani" wa jadi. Utani kati ya makabila yetu, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi tangu enzi za misafara iliyoishia hapa pwani, uliruhusu watu kushindana kwa maneno makali, kutaniana na hata kunyang'anyana vitu kwa mzaha, bila mtu kushika kinyongo. Lakini utani ulikuwa na miiko yake, na ulikuwa na upande wa pili: siku ya msiba, mtani ndiye aliyekuja kuhudumu na kuwachangamsha wafiwa. Yule aliyekucheka jana ndiye anayekusaidia kuzika leo. Anayempiga mtani wake amevunja mila, na wazee walimwona kuwa hana adabu.

Tukiwafundisha vijana kwamba shule ya jirani ni mtani, hatuwaondolei hamu ya kushinda. Wacheze kwa nguvu zote, washangilie kwa nguvu zote, watanie hata kwa nyimbo. Lakini mpinzani akianguka na kushika goti, mkono wa kwanza kumfikia uwe wa yule aliyekuwa akimkaba. Hiyo ndiyo maana ya uanamichezo, nayo iko karibu sana na Injili ya Msamaria Mwema.

UKICHOKOZWA JE?

Hapa vijana hutuuliza swali la haki: "Nikitukanwa mama yangu, nikitemewa mate, ninyamaze?" Swali hili lisijibiwe kwa wepesi. Tarehe 9 Julai 2006, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Berlin, Zinedine Zidane, akicheza mechi ya mwisho ya maisha yake ya soka, alichokozwa kwa maneno akampiga mpinzani kwa kichwa kifuani. Alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 110, na Ufaransa ikashindwa kwa penati. Mchokozi alikosa, lakini aliyejibu kwa kichwa aliwaacha wenzake peke yao katika saa waliyomhitaji zaidi.

Mfano ulio bora ni wa Bwana wetu mwenyewe. Katika Injili ya Yohane (18:22-23), mtumishi wa Kuhani Mkuu anampiga Yesu kofi. Yesu harudishi kofi, wala hajifanyi kwamba halikumwuma. Anamwuliza yule mtu sababu ya kumpiga, ikiwa hakusema lolote baya. Tunajifunza kwamba kutolipiza kisasi si woga wala si kukubali uonevu. Mchezaji aliyetendewa vibaya ana haki ya kusema: amwambie nahodha wake, nahodha amweleze mwamuzi, na mwalimu aandike taarifa kwa waandaaji. Kinachokatazwa ni kujitwalia hukumu mkononi.

Na aliyekwisha kukosa asikate tamaa. Mwitaliano Paolo Di Canio alifungiwa mechi 11 nchini Uingereza kwa kumsukuma mwamuzi hadi akaanguka, Septemba 1998. Desemba 2000, mchezaji huyohuyo, akiwa na nafasi ya kuipatia timu yake ushindi dhidi ya Everton, aliudaka mpira kwa mikono na kuusimamisha mchezo kwa sababu kipa wa wapinzani alikuwa ameumia, yuko chini. Uwanja mzima ulimpigia makofi, na shirikisho la soka la dunia likamtunukia tuzo ya mchezo wa kiungwana. Hatumtaji kama mtakatifu. Tunamtaja kwa sababu mikono iliyomsukuma mwamuzi ndiyo iliyoudaka mpira ule.

KUJUA KUSHINDWA

Katika Misa ya Jubilei ya Michezo, tarehe 15 Juni 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV alifundisha kwamba katika jamii ya mashindano, ambamo ni kana kwamba wenye nguvu na washindi pekee ndio wanaostahili kuishi, michezo hutufundisha pia kushindwa, na kwa njia hiyo hutukutanisha na udhaifu wetu na mipaka yetu. Maneno haya yanagusa kiini. Vurugu nyingi za shule huzuka kwa upande wa aliyeshindwa, au anayeona anakaribia kushindwa, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba mtu anaweza kushindwa na bado akabaki mtu kamili.

Watanzania tunaye mwalimu wa somo hili. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, John Stephen Akhwari alianguka na kuumia vibaya goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikwisha kumaliza zaidi ya saa moja kabla. Giza limeingia na watazamaji wengi wameondoka, ndipo Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali ili azimalize. Wachache wanamkumbuka aliyeshika nafasi ya tano siku ile. Akhwari, aliyekuwa wa mwisho, anakumbukwa duniani kote.

WAJIBU WETU

Je, suluhisho ni kufuta mashindano? Nchi yetu iliwahi kusimamisha mashindano ya shule mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ikayarejesha. Kuwanyima vijana michezo ni kuwanyima shule mojawapo ya kujitawala. Tunapendekeza, badala yake, kila mmoja aanze na lililo mkononi mwake.

Kwa walimu na makocha: Mtakatifu Yohane Bosco, akiwa na umri wa miaka tisa, aliota akiwa katikati ya wavulana waliokuwa wakipigana na kukufuru, akawarukia kwa ngumi ili awanyamazishe, ndipo akafundishwa kwamba atawapata kwa upole na upendo, wala si kwa mapigo. Alipokua alitaka walezi wawe pamoja na vijana uwanjani wanapocheza, ili kosa lizuiwe kabla halijatendeka. Basi mwalimu asimame na mashabiki wa shule yake. Wachezaji waelezwe sheria kabla ya msimu kuanza. Usajili uwe wa kweli, hata kama ukweli utatugharimu kombe. Na nyota wa timu akipiga mtu, akae nje hata kama ni fainali. Hapo ndipo wanafunzi watajua kama tunaamini tunayoyasema.

Kwa waandaaji: mechi isianze bila mwamuzi asiyefungamana na upande wowote, mipaka ya watazamaji iliyo wazi, na mtu wa huduma ya kwanza. Mchezaji aliyepigwa kichwani asirudishwe uwanjani siku hiyo. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida au akilalamika kwamba maumivu ya kichwa yanazidi, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kwa wazazi: mtoto akirudi nyumbani, swali letu la kwanza lisiwe "mmeshinda?" Tumwulize kwanza alichezaje, na wenzake walikuwaje. Na tunapotazama mechi za klabu zetu, tuchunge ndimi zetu kuhusu waamuzi, maana watoto wanasikia.

Kwa wanafunzi wenyewe, hasa wanachama wa TYCS: ninyi ndio mnaoweza kuanzisha wimbo wa kushangilia pale wenzenu wanapoanzisha wa matusi. Ninyi ndio mnaoweza kumshika rafiki mkono kabla hajaokota jiwe. Mkiwa manahodha, salimianeni na wapinzani kabla na baada ya mchezo, na msali pamoja pale inapowezekana, mkiwaheshimu wenzenu Waislamu ambao ni ndugu na majirani zetu katika pwani hii.

Na kwa maparoko na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: vurugu zikitokea, kazi isiishie kwenye adhabu. Adhabu ya haki ni lazima, lakini kufukuza peke yake hakuponyi. Kristo anatuagiza (Mt 5:23-24) kupatana na ndugu kwanza ndipo tulete sadaka altareni. Wakosaji wasaidiwe kwenda kumwona waliyemjeruhi, kumwomba msamaha, na familia zao kuchangia matibabu. Wakatoliki waalikwe kwenye sakramenti ya Kitubio. Shule mbili zilizogombana zipewe kazi moja ya kufanya pamoja, kama kusafisha ufukwe au kurekebisha uwanja walioharibu, kabla ya kukutana tena katika mashindano.

Msimu mwingine unakuja. Watoto wetu watavaa jezi, watachora mistari ya chokaa, na watatutazama tuliosimama kando, waone tunashangilia nini. Tuwaombee kwa Mtakatifu Yohane Bosco, baba na mwalimu wa vijana, ili filimbi ya mwisho itakapolia, wote walioingia uwanjani watoke wazima, na walioshindana wapeane mikono kama watani.